Makala Iliyotajwa Kuliko Zote

Mkutubi yule hakuwa na desturi ya kuogopa jina la mtu. Mhadhiri akiomba kupanda cheo, yeye hujifungia katika chumba chake nyuma ya rafu za majarida, akatafuta makala za mwombaji, nani wamezitaja katika kazi zao, na ameandika na akina nani. Kisha huchora mtandao: kila mtafiti, hata aliyemtaja tu mwombaji, kidoa; kila makala waliyoiandika pamoja mstari. Ripoti ikishafika kwenye kamati, yeye kazi yake imekwisha.

Safari hii mwombaji alikuwa mjomba wake.

Alikwenda kwa mkuu wa maktaba, akamweleza kwamba huyo ni kaka wa mama yake, tena ndiye aliyemlea baada ya baba kufariki. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akasema hana mtu mwingine anayeijua kazi ile, na kwamba namba hazina undugu. Aandike uhusiano wao juu ya ripoti, basi, kazi iendelee.

Mjomba alikuwa mtafiti wa maji, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kujaza chumba. Jina alilipata kwa makala moja aliyoiandika angali kijana, kuhusu unga wa mbegu fulani ambao, alidai, ukikorogwa kwenye maji machafu huua vijidudu. Makala hiyo ilikuwa imetajwa kuliko kazi zake nyingine zote zikiwekwa pamoja. Yeye mwenyewe pia aliitaja, hasa wageni wakiwa mezani, huku mkewe akimkonyeza anyamaze.

Mkutubi angeweza kuiweka idadi kwenye jedwali akaenda zake nyumbani. Lakini alizoea kusoma sentensi yenyewe iliyomtaja mtu. Alifungua makala ya kwanza: matokeo yale hayakuonekana tena. Akafungua nyingine: jaribio lilikuwa na kasoro. Kadiri alivyofungua ndivyo moyo ulivyozidi kuwa mzito. Watafiti walimtaja mjomba kama mtu anavyomwonyesha mwenzake shimo la barabarani, asije akatumbukia.

Mtandao nao ulikuwa na lake. Mjomba alizungukwa na watu wengi, lakini karibu mistari yote ilipitia kwa mkemia mmoja mwanamke, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyesha kwamba unga ule uliyafanya maji yang'ae tu, vijidudu vikabaki salama salimini.

Mwombaji alikuwa na haki ya kuisoma ripoti kabla haijapelekwa. Jumapili alasiri mkutubi akampelekea nyumbani. Mjomba aliisoma, miwani ikimteremka puani.

"Anayenitaja kwa kunipinga naye amenitaja," alisema hatimaye.

"Ni kweli, Mjomba. Ila kamati itadhani wanakusifu."

"Iache idhani. Wenzangu wanahesabiwa tu, hakuna anayewasomea sentensi moja moja."

"Wao pia nawasomea."

Mjomba alivua miwani. Akasimulia jinsi alivyokwenda maabara kwa yule mkemia akiwa amefura, kusudi amwaibishe mbele ya wanafunzi wake. Wakarudia jaribio pamoja kutwa nzima, na jioni akakubali kwamba alikosea. Hapo ndipo walipoanza kutengeneza vichujio vya mchanga, kazi ambayo watafiti wachache waliitaja ingawa watu waliyanywa maji yake.

"Hilo umeliweka?" aliuliza.

"Nimeandika kwamba mistari inapitia kwake. Sababu haionekani kwenye mchoro."

"Basi ipeleke ilivyo. Ila leo usikae kula."

Mke wa mjomba alikuwa ameshatoka jikoni na sahani. Mkutubi aliaga, akaondoka.

Kamati ilimnyima cheo. Mama yake mkutubi alimuuliza binti yake kama kweli alikosa neno laini la kumwekea mjomba wake. Mjomba naye hakupokea simu zake msimu mzima wa mvua. Kazini mkutubi aliendelea kama kawaida, ila alipoteza hamu ya kuzungumza na watu.

Asubuhi moja mjomba alitokea mlangoni pa chumba cha mkutubi. Hakugusia kamati. Aliomba kuuona mchoro. Namba alisema amekwisha kuzijua. Aliuinamia, akaweka kidole kwenye kidoa kimoja kilichojitenga pembeni.

"Huyu nani?"

Alikuwa mwanamke kijana, mtafiti wa nchi nyingine. Hakuwahi kuandika na mjomba, wala hakuutaja unga. Alivitaja vichujio, karibu katika kila kazi aliyoitoa.

"Sijapata kumsikia," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

Mkutubi alimsogezea kiti. Walikaa wakizisoma kazi za mtafiti yule kijana hadi maktaba ikafungwa, mjomba akibisha karibu kila ukurasa.