Ruhusa ya Mume

Kichwa cha mteja kiliegemea titi la kushoto la msusi. Akauma meno, akaendelea kusuka. Uvimbe ndani ya titi ulikuwa umekwisha kuwa mgumu kama kokwa. Mama mkwe alishaambiwa, akasema ni maziwa yameganda kwa kumnunia mume. Akamkanda kwa maji ya moto hadi ngozi ikababuka.

Hospitalini daktari alimpima yeye, majibu akampa mume. Maneno yote yalipita juu ya kichwa chake, kana kwamba anayezungumziwa ni mtoto. Ni saratani. Titi likikatwa mapema, yapo matumaini; wakichelewa, itasambaa.

"Mimi nilioa mwanamke mzima," mume alisema. "Mkilikata, mtakaa naye nyinyi."

"Nimekubali, daktari," msusi alisema. "Likateni."

Daktari hakumgeukia. "Mzee, kamalizaneni nyumbani. Mkielewana, mrudi."

Nyumbani hapakuwa na la kuelewana, maana hakuna aliyemuuliza. Mawifi walikuja, wakamsihi asimwaibishe kaka yao. Alfajiri moja akatoroka na nguo mbili kwenye mfuko. Mume akamkuta kituo cha basi, akamrudisha taratibu, amemshika mkono, huku akisalimiana na majirani.

Uvimbe ukapasuka. Wateja wakapungua, kila mtu na udhuru wake. Wakamhamishia chumba cha uani ili harufu isiwakere wageni, na wageni walikuwa wengi: walikuja kumpa pole mume. Walimsifu kwa uvumilivu. Mwingine, walisema, angeshaoa zamani. Mama yake akawajibu kwamba hilo nalo linaangaliwa.

Hatimaye muuguzi kutoka hospitalini alipiga hodi, akauliza kwa nini mgonjwa hakurudi. Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa bashasha.

"Ana homa tu, mwanangu. Anaendelea vizuri."

"Naweza kumwona?"

"Mumewe hayupo. Hatumfungulii mtu bila ruhusa yake."

Mume alikuwa sebuleni, anakunywa chai. Kule uani msusi alisikia sauti ngeni, akajiinua kwa kiwiko, akaita. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Mume akaweka kikombe chini, akaongeza sauti ya redio.

Muuguzi alitazama upande wa uani, kisha akatazama viatu vyake.

"Haya, mama. Mume akirudi, mwambie amlete mwenyewe."

Mama mkwe akamsindikiza hadi barabarani, wakiongea na kucheka. Uani, msusi alikuwa bado anaita.