Wachawi Kumi na Mmoja

Umewahi kumwona bibi wa miaka sabini amevaa suruali ya marehemu mumewe, anachunga ng'ombe? Ndivyo wanawake wa Kigogo walivyofanya zamani mifugo ikiugua, ili kufukuza ugonjwa, na bibi huyo ni mimi. Mwaka huu ndama wetu walikufa, wanaume wakasema mchawi ni Tereza, jirani yangu mjane, kwa sababu huongea na ng'ombe wake. Wakampa siku tatu ahame.

Mjukuu wangu Gladness, anayesoma chuo hapa Dodoma, akaniambia, "Bibi, ng'ambo kuna wanawake wanajiita wachawi wenyewe, tena wanasema mnyama ni ndugu."

"Kumbe tuko wengi," nikajibu, nikikaza suruali kwa kamba ya katani.

Siku ya tatu tukachunga sisi, wanawake kumi na mmoja, Tereza akiwemo, wote tumevaa suruali. Jioni mwenyekiti wa kijiji akatusimamisha njiani.

"Shikamooni. Vueni hizo suruali, mnatuaibisha. Mchawi ni mmoja tu."

"Marahaba," nikamjibu. "Hatuvui. Andika wachawi kumi na mmoja."

Akamgeukia Tereza. "Wewe mama, unataka nini hasa?"

Tereza akashika shingo ya ng'ombe wake.

"Nataka kubaki kwangu, mimi na huyu. Sihami."