Fundi Anamfukuza Mkewe

Mtaa mzima ulijua fundi cherehani anavyompenda mkewe, ndiyo maana watu walishika vichwa walipoanza kumwona anamfukuza barabarani alfajiri. Mke mbele, mwalimu na heshima zake, mkoba wa shule mgongoni, sketi kaipandisha kidogo asijikwae. Mume nyuma, tumbo limetangulia, anahema na kupiga kelele, "Lete hapa! Nikikukamata leo utanitambua!"

Alichokuwa anadai ni ufunguo wa duka lake la kushonea, lakini hilo walilijua wao wawili tu.

Daktari alikuwa amemwambia fundi presha yake imepanda mno, dawa peke yake hazitoshi, lazima mwili utoke jasho kila siku. Fundi akaitikia vizuri kabisa, akanunua na raba za mazoezi. Wiki haikwisha raba zikaingia kazini, moja huku, moja kule, kushikilia kitambaa kisiteleze kwenye meza ya kukatia. Mkewe akiuliza, jibu ni lile lile: muda hana. Na kweli hakuwa nao. Akishafungua duka ni kiti na cherehani mpaka giza liingie.

"Mimi sitaki kuwa mjane kwa sababu ya suruali za watu," mwalimu alimwambia, na asubuhi iliyofuata akanyakua ufunguo mezani akatoka mbio. Duka lilikuwa njiani kwenda shuleni, umbali wa kumtosha mtu mvivu, na wateja walikuwa wanangoja mlangoni. Fundi angefanyaje? Alivaa viatu akamfuata, analaani njia nzima.

Siku za mwanzo alifika hoi, hata uzi hauingii kwenye sindano. Kisha, bila yeye kutaka, utamu ukamkolea. Akawa anaamka kabla ya mkewe, moyo unamdunda kwa hamu, anajifanya amelala huku ametega sikio asikie ufunguo ukiokotwa. Akavumbua njia za mkato. Siku moja alimvizia nyuma ya ukuta wa jirani, akaukamata mkoba, na wote wawili wakacheka mpaka wakaketi chini. Miaka mingapi walikuwa wanakutana kitandani tu, wamechoka, kila mmoja na usingizi wake? Sasa walikuwa na asubuhi yao, na fundi alijisikia kijana.

Lakini mtaa una macho, na mdomo unao pia. Jirani mmoja akampigia simu mama mkwe.

Asubuhi hiyo fundi alikata kona kwa kasi, amebakiza kidogo tu amfikie mkewe, mara akamwona mama mkwe katikati ya barabara, mtandio kaukaza kiunoni, mikono kaitanua. Fundi alifunga breki, nusura amvae.

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu kakukosea nini hata umfukuze?"

Fundi aliinama anahema, mikono magotini. Mwalimu ndiye aliyerudi akaeleza yote, presha, raba, ufunguo. Mama alisikiliza, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Watu wazima nyie," alisema. "Mnanipandisha presha na mimi. Mpe mwenzio ufunguo wake. Akitaka mazoezi atafanya kwa hiari yake. Yaishe leo."

Mwalimu hakumbishia mama yake. Aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha mumewe bila kumtazama, lakini fundi akaona vidole vya mkewe vinachelewa kuuachia. Hapo ndipo alipoelewa. Siku zote hizo alidhani mwenzake anacheza, kumbe alikuwa na hofu, anakimbia na hofu yake kila asubuhi.

Ufunguo ulikuwa wake sasa. Angeweza kwenda zake taratibu, afungue, akae. Kesho angesema kesho kutwa, na kesho kutwa angekuwa na sare za kumaliza.

"Mama, nisamehe," alisema, macho chini. "Ukiniachia ufunguo huu mimi nitakaa. Najijua. Na mimi nataka kuzeeka na mwanao."

Mama mkwe alilegeza mtandio kiunoni. Akasogea kando ya barabara, akawapisha.

Fundi alimrudishia mkewe ufunguo. Mwalimu aliushika kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, amesimama pale pale.

"Sasa unalia nini na wateja wananingoja?" fundi alimwambia. "Kimbia, mke wangu. Mimi nakuja."