Kufuli Ambalo Fundi Hakulifungua

Mama aliitoa picha yake ya harusi kwenye fremu ya ukutani, akaitia hukumu ya Mdogo. Kila mgeni alisomewa: hana hatia. Fundi, kaka mtu, aliketi pembeni, kijicho kikimtafuna. Aliionea wivu hata ile miaka tisa aliyokaa Mdogo jela.

Wote wawili walikuwa mafundi wa kufuli, na wote walikamatwa ghala lilipoibwa bila mlango kuvunjwa. Mwendesha mashtaka akaweka karatasi mezani: ukikiri, mwaka mmoja, ukibisha, kumi na tano. Fundi alikuwa na mtoto mchanga. Akakiri. Mdogo akasema mzigo si wake, haubebi.

Lakini kukiri kulitaka maelezo, na hapo ufundi ukamponza. Angebabaisha tu. Yeye akaeleza waya upi, pini ya tatu inavyokwama, kidole gumba kinakaa wapi. Karani aliandika huku akitikisa kichwa kwa kusifu. Maelezo hayohayo ndiyo yaliyosomwa kumfunga Mdogo.

Juzi mwizi mwenyewe akanaswa: bawabu wa ghala, na ufunguo wa akiba. Mdogo akasafishwa. Fundi alipopeleka ombi lake naye asafishwe, alijibiwa kwamba yeye alikiri mwenyewe, tena kwa ufasaha. Ndiyo sheria yao hiyo: inakuuzia uongo, kisha inakushika kwa kuununua.

Jirani akaingia na kufuli la chumbani kwake, ufunguo umepotea. Akampita Fundi, akamkabidhi Mdogo.

"Usinielewe vibaya, Fundi. Mkono wako mwepesi mno."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, maana angefanyaje.

Mdogo akachokoa, jasho likamtoka. Miaka tisa imemla vidole. Pini ya tatu imekwama, Fundi aliisikia kutoka alipokaa, na moyo wake ukafurahi, furaha chafu. Walau hili humwezi, mtakatifu wa ukutani.

Mdogo akamsogelea na kuinama.

"Kaka, lile la ghala. Hukulifungua kweli?"

"Wewe pia?"

"Niliyasikiliza maelezo yako mahakamani. Hata mimi niliamini."

Kisha akanyoosha mkono wenye kufuli, sebule nzima ikitazama. "Basi nisaidie hili."

Pumzi mbili tu, lingefunguka. Fundi akautazama ule waya, akaitazama fremu, akaikalia mikono yake.

"Siwezi," alisema. "Makufuli ya namna hii siyajui."

Jirani akashusha pumzi ya ahueni, akamwomba Mdogo ajaribu tena.