Sauti Haikuwa Kwenye Risiti

Mtaani wananiita Toleo Jipya, na jina hilo nimelitolea jasho. Simu ikitoka leo, wiki haiishi ninayo mkononi, na mwezi hauishi nimeshaifungua nikaona tumbo lake. Ufundi sikuusomea. Nilijifunza kwa kuharibu: kwanza redio ya baba, kisha saa ya ukutani, kisha simu ya shangazi, ambaye mpaka leo hajanisamehe. Kibanda changu kina upana wa meza moja na nusu. Ile nusu ni ya fundi cherehani, tunagawana umeme, feni na maneno.

Nina kumbukumbu ndefu. Nakumbuka walipotuambia kanda ni uchafu, tununue diski, tukazinunua nyimbo zilezile kwenye diski. Nakumbuka waliposema diski nazo ni uchafu, zinakwaruzika, tununue mtandaoni, huko haziozi wala haziibiwi. Tukazinunua mara ya tatu. Nakumbuka duka la kwanza la nyimbo mtandaoni lilivyofungwa siku ya Jumatatu, na ile barua yao ya kutushukuru kwa kuwa nasi. Nyimbo zangu mia mbili na kumi na nne ziliondoka na shukrani hizo. Na bado nikaenda duka la pili. Ndiyo, mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu. Kitu kipya kikitoka kwenye boksi, ile nailoni ya kwenye kioo ukiibandua taratibu, hasira zangu zote hulala usingizi. Sitajisafisha hapa.

Sasa habari ya dada yangu.

Dada alikuwa karani wa shule ya msingi na alikuwa na sauti. Si ya kuimba, ya kusoma. Akikusomea hata tangazo la kukatika kwa maji, unavuta kiti. Kampuni moja ya vitabu vya kusikiliza ilikuwa inatafuta wasomaji. Mimi ndiye niliyemwonyesha tangazo, na mimi ndiye niliyemfungia maikrofoni ndani ya kabati, katikati ya magauni, ili mwangwi usiingie. Alisoma kitabu kimoja tu, hadithi ndefu ya mwanamke mfinyanzi na wanawe watatu. Urefu wake saa kumi na moja na dakika nane. Alipomaliza akasaini karatasi zao, wakamlipa mara moja, akamletea Mama godoro. Kitabu kilipoingia dukani mimi nilikuwa mteja wa kwanza. Nikagusa Nunua, na kioo kikaniandikia: Hongera, kitabu hiki sasa ni chako.

Chako. Neno hilo nimelishika.

Mwaka wa pili baada ya hapo figo zikamwondoa dada. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imeshamaliza jicho la kulia la Mama na kuanza la kushoto. Nikamwekea kitabu kwenye tableti yangu ya zamani, nikamfundisha kwa vidole: ukigusa hapa anaanza, ukigusa hapa ananyamaza. Kila siku baada ya chakula cha mchana Mama alikaa dirishani kwenye kiti cha plastiki, tableti mapajani, akamsikiliza bintiye. Mfinyanzi mwenyewe hakumjali sana. Alikuwa anasubiri mambo madogo: mahali dada anapofunua ukurasa, mahali anapomeza mate kabla ya sentensi ngumu, na ile sura ya tisa anapokohoa na kusema "samahani", wao wakasahau kukata.

"Ameniomba radhi tena," Mama alikuwa akisema, na kucheka peke yake.

Utauliza kama hapakuwa na sauti nyingine za dada. Zilikuwepo, za kwenye simu, za "umekula?" na "mwambie Mama nachelewa". Lakini tangu afariki nimebadilisha simu saba. Kila mpya niliipata kwa kuuza ya jana, na ya jana niliifuta ikawa nyeupe kabisa, kama fundi anayejiheshimu. Utauliza tena kwa nini sikuweka simu karibu na spika nikarekodi kile kitabu, kazi ya siku moja. Sikurekodi kwa sababu nilikuwa nimenunua. Kitu chako mwenyewe unakiiba cha nini.

Mwaka huu betri ya tableti ilivimba mpaka kioo kikainuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria.

"Mwanangu, si inasema?" Mama akaniambia. "Iache iseme."

"Italipukia mapajani mwako, Mama."

"Basi weka betri nyingine."

"Betri zake hazitengenezwi tena."

"Kwa hiyo hawa watu wanatengeneza kitu halafu wanakiacha kife?"

"Ndiyo kazi yao."

"Na wewe unawapenda."

Tayari nilikuwa na boksi jipya kwenye mkoba. Kioo kipana, spika nne, wembamba wa biskuti. Nikaifungulia palepale mezani kwa Mama. Ile ya zamani nikaiwasha kando yake na kuiunganisha na mtandao, ambao ilikuwa haijauona kwa miaka, ili ihamishe alama ya mahali Mama alipoishia. Nikaingia kwenye akaunti yangu. Vitabu vikajipanga. Juu yake pakaandikwa: Matoleo bora ya vitabu vyako yanapatikana. Chini pakawa na kitufe kikubwa cha kijani, Sasisha vyote, na kidogo cha kijivu, Baadaye.

Katika maisha yangu sijawahi kugusa Baadaye. Wateja wangu ndio huwa nawagombeza: usiposasisha unawafungulia wezi mlango, usiposasisha unabaki na jana. Kidole kilikwenda chenyewe. Tableti zote mbili zikalia kengele ndogo ya furaha, moja nyuma ya nyingine, nami nikasimama pale nimeridhika.

Mama akagusa. Ikaja sauti ya kike, nyororo, isiyovuta pumzi.

"Huyu nani?" Mama akauliza.

"Subiri kidogo."

"Nakuuliza huyu nani, kwenye kitabu cha mwanangu."

Nikaichukua ile ya zamani. Sauti ileile, nyororo, haivuti pumzi. Kwenye maelezo ya kitabu, palipokuwa na jina la dada, sasa palisomeka: Sauti ya mtambo, toleo la pili. Mama alikuwa bado amegeuza uso kuelekea mezani, anasubiri nirekebishe. Maisha yangu yote ameniona nikirekebisha.

Siku nne nilipambana. Nilirudisha ile ya zamani kama ilivyotoka kiwandani, nikachimba kwenye mafaili, nikamwandikia mhudumu wa kwenye programu, ambaye alijibu kila swali kwa sekunde mbili na hakuelewa hata moja. Fundi cherehani aliacha kukanyaga mashine yake akanitazama.

"Toleo Jipya, hebu nifafanulie. Ulilipa?"

"Nililipa."

"Na kitu kilikuwa nyumbani kwako?"

"Nyumbani, mapajani mwa Mama."

"Halafu wakaingia wakakibadilisha bila kubisha hodi."

"Nilibonyeza mwenyewe."

"Haidhuru. Mimi nikimshonea mtu suruali, simfuati kazini kwake kumbadilishia zipu." Akarudi kwenye cherehani. "Ila suruali yangu haina kitufe cha kijani."

Siku ya tano nikaenda ofisini kwao. Ghorofa ya tatu, zulia la kijivu, mtungi wa maji ya kunywa usio na maji, na ukutani picha ya familia imevaa visikilizi vya masikioni, wanacheka wote hata mtoto mchanga. Nikakata namba. Mhudumu alikuwa kijana mwenye kitambulisho shingoni, mpole, na upole wake ndio uliozidi kuniudhi.

"Karibu mzee. Tukusaidie nini?"

"Kitabu changu mmekibadilisha."

"Tumekiboresha."

"Nakitaka kile kibovu."

Akacheka, akidhani ni utani. Akakiita kitabu kwenye kompyuta yake. "Hadithi ni ileile, mzee. Hakuna neno lililopungua."

"Limepungua moja. Samahani."

"Bila samahani, mzee. Tupo kwa ajili hiyo."

"Sikuombi radhi. Neno lenyewe ndilo samahani. Lilikuwa sura ya tisa."

Akanitazama, akatazama kompyuta, akaandika kitu. "Unajua, wewe ulinunua kitabu. Msomaji si sehemu ya ununuzi."

"Mliniandikia ni changu."

"Ni chako kwa mujibu wa masharti." Akanigeuzia kioo na kuniwekea kidole kwenye mstari. Nimeukariri: Katika masharti haya, neno "kununua" lina maana ya kupewa ruhusa ya kutumia toleo litakalokuwepo. Miaka yote ile. Niligusa Nunua mara mia tatu, na kwao neno lilikuwa na maana nyingine, imekaa ukurasa wa thelathini na mbili, inanisubiri.

"Na hii ingeandikwa kwenye kitufe mngepungukiwa nini?" nikamuuliza. "Andikeni Azima. Andikeni Kodi. Watu tunajua kuazima, hatuna shida nako."

"Hilo ni la makao makuu, mzee."

"Msomaji alikuwa dada yangu. Amefariki."

Akaondoa mikono kwenye kompyuta. Kwa mara ya kwanza alikuwa mtu. Akatazama mlango wa mkubwa wake, akashusha sauti. "Pole sana. Rekodi za wasomaji wa zamani zilifutwa mwezi wa nne. Kuzihifadhi kulikuwa kunachukua nafasi. Kilichobaki kilikuwa kwa wateja ambao hawajasasisha tu." Kisha, kwa sababu walimfundisha hivyo, akaongeza: "Naweza kukupa kitabu kimoja bure, uchague."

Maneno niliyomjibu yalisikika mpaka kwenye foleni. Walinzi wawili walinishusha ngazi, mmoja kila upande, wala hawakunivuta. Nilishinda njaa mchana ule nikizunguka mitaa, nikihesabu wateja wangu ambao kwa mikono yangu niliwagusia kile cha kijani.

Mama nilimwambia yote. Kwamba hawakuiba, kwamba ni mimi niliyebonyeza, kwamba kama ile tableti iliyovimba nisingeiunganisha na mtandao, sauti ingekuwepo mpaka leo. Hakunigombeza. Alisema, "Basi," akaomba nitoe tableti zote mbili chumbani. Wiki mbili kiti cha plastiki kilikaa dirishani bila mtu.

Jumapili moja, tumemaliza kula, nikamsikia ameanza kusema. Si na mimi. "Asubuhi ile mfinyanzi aliutazama udongo kabla ya kuugusa." Alisema "udongo" kwa kuuvuta kidogo mwishoni. Mama hasemi hivyo. Nikaingiza mkono mfukoni polepole.

"Unatoa nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Nimesikia. Zima, ukaiweke nje."

"Nirekodi tu, ibaki."

"Ibaki wapi?"

Ananiuliza mimi. Mimi, Toleo Jipya, ninayejua ukubwa wa kila memori mjini humu. Nikatoka, nikaiacha simu kwenye ngazi, nikarudi nikaketi sakafuni.

Akaanza upya. Sentensi nne zilikwenda vizuri. Ya tano akampa mtoto wa kwanza maneno ya mtoto wa tatu, akasita, akarudi. "Hapana. Hapa alikuwa anashuka hivi," akasema, na mkono wake ukateremka hewani taratibu, mkono wa mtu anayelaza mtoto. Akajaribu kushuka. Sauti ikatoka kavu.

"Umemsikia?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimetega masikio yote. Nilimsikia mwanamke mzee anayetafuta sentensi.

"Nimemsikia, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ile sentensi ya tano.