Koti la Baridi la Sinia

Mbwa aliteremshwa kwenye basi pale Rujewa, mwezi wa kumi na moja, mwaka ule wa sabini na tano ambao joto la Ubaruku lilipasua hata matope ya majaruba ya mpunga. Uso wake ulikuwa bapa, kama aliyegonga ukuta akaamua kubaki hivyo hivyo. Jina lake Sinia. Alikuja na kifurushi chenye sweta dogo la sufu na kitambaa kinene chenye kamba nne, pamoja na barua ya Anania, mpishi wa bosi mmoja wa chai huko Mufindi.

Mama yake Anania, Bibi Tusekile, aliishia darasa la tatu. Alisoma kwa kidole, bila haraka.

“Mama, bosi amerudi kwao, mbwa ameniachia mimi. Nimeshampenda. Natafuta kazi nyingine, nitamfuata Krismasi. Pua yake fupi, pumzi zake za shida. Jua likiwaka, usiache kumvika koti lake la baridi.”

Bibi alikulia Ilomba. Huko koti la baridi ni moja tu, lile la mwezi wa sita, ukienda kuteka maji meno yanagongana. Akamvika Sinia sweta. Kile kitambaa akakiona tambara zuri, akakilowesha, akaufunga nacho mtungi wa maji.

Siku ya tatu Sinia alikataa uji. Alijilaza uvunguni, ulimi nje umeiva zambarau, anakoroma macho wazi.

Jirani wa Bibi, Mbuke, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wa mumewe, akaingia na kibuyu cha maziwa.

“Mayu,” alisema, maana ndivyo kwao wanavyomwita mama, “mgeni wako anasafiri kwenda kwenye baridi ya Makete?”

“Barua imesema koti la baridi.”

“Wewe unasikia baridi?”

“Mimi si mbwa.”

“Na mbwa si wewe. Huyu hafiki jioni, mayu. Anania utamwambia nini?”

Bibi akaichukua barua tena. Kidole kikasimama kwenye “jua likiwaka”, kikarudi, kikasimama tena. Nani anavaa sufu jua likiwaka?

“Kumbe ni koti la kumpoza,” alisema taratibu. “Nisaidie kumvua.”

Wakalowesha khanga, blanketi na gunia. Bibi akavijaribu kimoja kimoja juu ya mkono wake, anangoja kuona kipi kitapoza. Khanga ilikauka Mbuke hajamaliza habari za ndama wake. Blanketi likawa zito, likashika joto kama mtu mwenye homa. Gunia lilimwasha mpaka begani.

Alipoegemea mtungi kufikiri, ubaridi ukampanda hadi kwenye kiwiko.

Akalifungua lile tambara, akamtandikia Sinia mgongoni. Kamba mbili zikakutana kifuani, mbili tumboni, barabara, kama zilizopimwa.

Mbuke akakaa chini kwa kicheko. “Siku tatu mtungi umevaa koti la mbwa!”

“Ndiyo maana maji yalikuwa matamu.”

Bibi akavuta kigoda, akawa anammwagia Sinia maji kidogo kidogo kwa kikombe mpaka jua likashuka nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Ulimi ukarudi rangi yake. Sinia akainuka, akanywa maziwa yote ya Mbuke, akapiga chafya juu ya ile barua.

“Na mtungi je?” Mbuke akauliza.

“Mpe gunia. Mtungi hauwashwi.”