Goti Lisilopigwa

Loisi alisimama mlangoni, fimbo mkononi, akashindwa kuingia. Kutoka Dar hadi Mlowo alikaa ndani ya basi siku nzima kanyoosha mguu, na hakuogopa. Sasa aliogopa hatua nne za sebule ya mama mkwe wake.

"Nani huyo amenizibia mwanga?" aliuliza Bibi Ketrina kutoka kwenye kigoda chake.

"Ni mimi, mama. Loisi. Nimerudi."

Wanawake waliokuja kumpa Loisi pole ya upasuaji wakatazamana. Miaka arobaini Loisi hakuwahi kumsalimu mkwewe kasimama. Alipiga magoti akitoka kuchuma kahawa, mgongo umelowa umande. Alipiga hata mwaka jana, goti la kulia lilipokuwa likisagika mfupa kwa mfupa na kuinuka ni mpaka ashike ukuta. Goti hilo sasa, baada ya upasuaji wa Dar, lilikuwa la chuma na plastiki. Daktari hakumficha: tembea, panda mlima, chuma kahawa yako, lakini usilipige sakafuni.

Bibi alikuwa amepinga tangu mwanzo. "Goti huzeeka na mwenyewe," alisema. "Mkilitoa, mtalizika wapi?"

Na Loisi alimpenda bibi huyu. Ndiye aliyempokea akiwa binti asiyejua hata kupogoa mbuni, akamfundisha bila kumcheka. Heri angebaki na goti bovu kuliko aonekane ameota mapembe.

"Mwacha mila ni mtumwa," alinong'ona wifi yake, Restuta, kwa sauti ya kusikika na wote. Wifi ni wifi.

Loisi akaanza kuinama. Fimbo ikateleza.

"Acha!" Bibi alifoka. "Daktari amesemaje?"

"Nisipige magoti tena, mama."

"Na kunisimamia kichwani, amekuruhusu?"

"Hilo hatukuliongea, mama."

Bibi alitafunatafuna midomo, kisha akamwita mwanawe, mume wa Loisi. "Amoni! Nipandishe juu ya hayo magunia ya mahindi hapo ukutani."

"Mama, utaanguka."

"Nimekuzaa, sijakuomba ushauri."

Amoni akambeba, mwepesi mno, akamketisha juu ya gunia la tatu, kichwa kikakaribia kenchi za paa. Bibi akatengeneza kitenge chake bila haraka.

"Haya. Sasa uko chini yangu. Nisalimie."

Loisi akavuka zile hatua nne, akasimama chini ya magunia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Vumbi la mahindi lilimdondokea Loisi usoni, naye akaendelea kutazama juu.